Mashine inavuta kulia mpaka mkono unakufa ganzi: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashua ya faiba ya futi 19. Nimefunga mashine ya nguvu za farasi 25, ya kuendesha kwa mkono, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nachukua samaki Kigombe nawapeleka soko la Deep Sea, Tanga mjini. Shida yangu inavuta kulia, na nikiongeza moto ndiyo inazidi. Nikifika usawa wa kisiwa cha Yambe mkono umeshakufa ganzi. Fundi mmoja ameniambia propela imekwisha, ninunue mpya. Mwingine anasema nisogeze mashine kushoto kidogo. Kwa sasa naufunga mkono wa mashine kwa mpira wa tyubu ili nipumzike. Halafu nimeona juu ya propela, chini ya lile bamba, pana tundu la boliti halina kitu. Sijui ni la nini. Naomba msaada wako.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la mwisho ulilolitaja kama jambo la kupita ndilo kubwa kuliko yote, nami nitalifikia. Lakini kabla ya kusoma mstari mwingine, huo mpira wa tyubu uutoe. Usingoje kesho.

Nakwambia hivyo kwa sababu nami nilifunga. Enzi hizo nina mashine ya 15 na nguvu za ujana, tunarudi kutoka Yambe, mashua inavuja, nikafunga mkono wa mashine kwa kamba ya nyavu ili nipate kukumba maji. Mwenzangu alikuwa omo, yaani mbele ya mashua, amesimama anakunja wavu wa jarife. Likaja wimbi moja la ubavu, wala si kubwa, kamba ikateleza. Mashine inayovuta ikiachwa hairudi katikati, inakimbilia upande wake hadi mwisho. Mashua ikakata kona ya ghafla, mwenzangu akaruka baharini kama dagaa, mimi nikaangukia ndani ya ngama, kule chini yanakokusanyika maji, na mashua ikaendelea kuzunguka kwa moto uleule. Mzunguko wa pili ulikuwa unamrudia yeye. Niliukamata mkono na kupunguza moto propela ikiwa haijafika pima moja kutoka miguuni mwake. Tangu siku hiyo ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine naivaa mkononi, na nikiona mtu ameifunga kwenye mashine yenyewe kwa waya, simkopeshi hata spana.

Mpira wa tyubu ni mbaya kuliko kamba, kwa sababu unakupa matumaini. Na usije ukadhani utapata nafuu kwa kukaza ile skrubu ya kuufanya mkono uwe mzito. Skrubu ile ipo ili mkono usiwe mwepesi mno, haiondoi mvuto. Ukiikaza sana utakuta mashua inakwenda sawa, lakini siku gogo likitokea mbele yako, au mtoto na ngalawa yake, mkono hautageuka kwa wakati.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu "kulia". Hapa watu wengi hupotea, na mafundi pia. Mashua ya kuendesha kwa mkono ina kulia mbili: kulia kwa omo na kulia kwa mkono wa mashine, na hizo hupingana. Mkono ukienda kushoto, omo inakwenda kulia. Kwa hiyo mtu akisema "inavuta kulia" huwa namuuliza: nini kinachokwenda kulia? Wewe nadhani unasema omo, maana umesema mkono unakufa ganzi, na waendeshaji wetu wengi hukaa upande wa kulia wa tezi, yaani nyuma ya mashua, wakashika kwa mkono wa kushoto. Kama ndivyo, basi mashine inaunyang'anya mkono wako kuupeleka kushoto, mbali nawe, na wewe safari nzima unauvuta uje kifuani. Hapo vidole ndivyo vinavyochoka kabla ya bega. Kama sivyo, na ni mkono unaokuja kukusukuma mbavu, basi kila nitakalosema hapa kuhusu pande uligeuze.

Kujua kwa hakika ni rahisi. Toka asubuhi kabla upepo haujaamka, siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, maana wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji ya Tanga hupanda na kushuka karibu mita 3 na mkondo wake utakudanganya. Nenda kwa mwendo wako wa kawaida ukiwa umelegeza ile skrubu. Kamba ya kuzimia iwe mkononi, na pasiwe na mtu wala chombo karibu. Punguza moto hadi nusu, kisha fungua vidole bila kuondoa kiganja. Usiuachie mkono, fungua vidole tu. Utauona unakoelekea. Geuza mashua urudi njia uliyojia, ufanye tena. Ikiwa kwenda inavuta kulia na kurudi inavuta kushoto, basi huo ni upepo au mkondo, na mashine yako haina kosa. Ikivuta upande uleule kwenda na kurudi, hapo tuna la kuzungumza.

Kwa nini ivute? Propela ya mashine yako, kama za mashine nyingi za moja moja, ukisimama nyuma ya tezi ukaitazama, inapokwenda mbele huzunguka kama mshale wa saa. Panga lililo chini linakata kutoka kulia kwenda kushoto, lililo juu linakata kutoka kushoto kwenda kulia. Kama maji yangekuwa sawa juu na chini, misukumo hiyo miwili ingefutana. Lakini juu, karibu na uso wa bahari, maji yana hewa na mapovu, na bamba na mguu wa mashine vimeshayavuruga. Chini maji yamekaza. Basi panga la chini linapata pa kukanyaga kuliko la juu, na propela inataka kutembea kama gurudumu kwenda kulia. Mguu ukienda kulia, mkono unakwenda kushoto, omo inakwenda kulia. Ndiyo safari yako yote ya Kigombe hiyo.

Kwa hiyo mvuto kidogo wa kulia si ugonjwa. Mashine iliyotoka kwenye kasha leo inao. Kinachotakiwa ni kujua kilichoufanya wako uwe mkubwa hivyo.

Mimi ningeanzia kwenye pini. Inua mashine, tazama pale inapoegemea ubao wa tezi: pana mabano mawili yenye matundu yaliyopangwa kwa mshazari, na fimbo ya chuma imepita katika tundu mojawapo. Fimbo hiyo ndiyo inayoamua mguu wa mashine usimame wima, uingie ndani kuelekea mashua, au utoke nje. Nitaweka dau la chai na vitumbua kwamba yako iko tundu la kwanza, la ndani kabisa. Karibu mashine zote zinazouzwa zimetumika huja hivyo, kwa sababu mwenye nazo wa kwanza alitaka omo isinyanyuke, akaiacha hapo hadi fimbo ikashikwa na chumvi.

Mguu ukiwa ndani sana, propela haisukumi tena maji moja kwa moja nyuma, inayasukuma nyuma na chini. Mapanga yanayoshuka na yanayopanda hayapati tena maji kwa pembe moja. Kwa propela ya kuzunguka kama yako, mguu ukiingia ndani mvuto wa kulia unaongezeka. Ukitoka nje, mvuto wa kulia unapungua, na ukizidisha unageuka kuwa wa kushoto. Isitoshe, mguu ukiwa ndani tezi inanyanyuliwa na omo inazama, na mashua inayolima kwa omo haitulii hata kama mashine ni nzima: inataka kugeukia kila inapoguswa.

Basi itoe ile fimbo. Ikikataa, mwagia mafuta ya kulainisha kutu, uiache usiku kucha, usiipige nyundo ukavunja mabano ya alumini. Isogeze tundu moja tu kuelekea nje, kisha nenda ukajaribu. Unachokitaka ni lile bamba lililo juu ya propela liwe sambamba na uso wa maji mashua ikiwa katika mwendo, si ikiwa imelala gatini. Mpe mwenzako mkono wa mashine, wewe chungulia nyuma. Ukiona omo inaanza kuinuka na kupiga, kuinuka na kupiga, kama pomboo, au mashine inapiga kelele bila kusukuma kila ukikata kona, umetoka mno. Rudi tundu moja. Kwa hatua hii peke yake nimeona mikono mingi ikipona.

Ukiwa hapohapo nyuma, tazama urefu. Pwani kavu, mashine ikiwa imeshushwa, weka ubao ulionyooka chini ya mashua, utokeze hadi kwenye mashine. Bamba linatakiwa liwe usawa wa ubao huo au chini yake kidogo, isizidi kama sentimita 2.5. Mguu mfupi umetengenezwa kwa tezi ya inchi 15, yaani sentimita 38, na mguu mrefu kwa inchi 20, karibu sentimita 51. Mtu akinunua mashine mkononi hatazami hilo, anatazama bei. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu unaiweka propela juu, kwenye maji ya mapovu, na umeshaona nilivyosema kuhusu panga la juu na la chini: mvuto unazidi. Kama ndivyo ilivyo kwako, tezi itabidi ikatwe na kuimarishwa upya na fundi wa faiba, au mashine ibadilishwe na mwenye mashua inayoifaa. Hakuna njia ya mkato hapo, nami sipendi kukudanganya.

Halafu kuna shehena. Hukusema unakaa upande gani wala dumu la petroli liko wapi, lakini naweza kuliona: wewe umekaa kulia, dumu liko karibu na mguu wako kwa sababu mpira wa mafuta ni mfupi, na kasha la barafu limeegemea upande huohuo ili upate njia ya kupita. Dumu la lita 25 likijaa lina kilo 18 au 19. Wewe hupungui 60. Barafu na samaki sijui, lakini nimewahi kuona kasha Deep Sea linashushwa na wanaume wanne. Mashua ya futi 19 iliyolala upande mmoja hailambi maji sawa kushoto na kulia, na chochote mashine inachotaka kufanya inakifanya kwa nguvu mara mbili. Hamisha dumu liende kushoto, kasha liwe katikati, kumba maji yote, kisha jaribu tena bila kugusa kitu kingine. Kitu kimoja kwa siku moja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja mashua ikapona, hutajua kilichoiponya, na siku ikiugua tena utaanza upya.

Kuhusu propela: huyo fundi wa kwanza hakukosea kuitazama, amekosea kuiuza. Propela iliyokwisha inakula mafuta na kupunguza mwendo. Iliyopinda panga moja inatetemesha mashua mpaka meno. Lakini kuvuta upande mmoja kwa utulivu, bila mtetemo, si tabia yake. Kama yako haitetemi, hela yako iache mfukoni. Badala yake piga magoti utazame lile pezi kubwa lililo chini kabisa ya propela, linalotangulia kugusa mchanga. Kigombe maji yakipwa watu hushusha mashine kabla ya wakati, na miamba iko tele. Pezi hilo likipinda hata kidogo kwenda upande mmoja, umejifungia usukani wa kudumu. Sogea nyuma hatua tano, fumba jicho moja, ulilinganishe na mguu wa mashine kwa juu. Likiwa limepinda, usilinyooshe kwa nyundo. Alumini ya namna hiyo hukatika, na likikatika na kipande cha kasha la gia unakuwa umenunua mashine nyingine.

Fundi wa pili, wa kusogeza mashine kushoto, huyo angenipa hasira kama ningekuwa pale. Mashine inakaa katikati. Pima: chukua uzi, uufunge katikati ya omo, uulete hadi pembe ya kulia ya tezi, kisha pembe ya kushoto. Nyuzi mbili zikiwa sawa, katikati ya tezi ni katikati ya mashua, na skrubu za mashine ziwe umbali sawa pande zote mbili. Kama mashine iko pembeni, irudishe. Kama iko katikati, iache. Mwenye mashua ya mbao ndiye mwenye shaka zaidi, kwa sababu mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, ukiwa umepinda, au fashini nene, ule mti wa kusimama wa nyuma, ikiwa mbele ya propela, maji yanafika yamepasuka, na hapo fundi seremala aliyeiunda ndiye wa kuulizwa. Kwa hao pia, deheni, yale mafuta mazito ya kupaka chini ya chombo, iliyopakwa nene upande mmoja na upande mwingine ikabaki uchafu wa baharini, inatosha kuivuta mashua. Wewe una faiba, lakini pindua uitazame vilevile.

Kuna jambo dogo ambalo haliwi chanzo cha mvuto lakini hulifanya kila lililosemwa lionekane baya zaidi. Shika mguu wa mashine ukiwa umeinuliwa, utikise kushoto na kulia. Kama unacheza kabla mkono haujasogea, vile vikombe vya plastiki vilivyo kwenye mhimili wa kugeukia vimelika. Na kama hauchezi kabisa, bali mkono ni mzito upande mmoja na mwepesi mwingine, ni grisi iliyokauka na chumvi. Pana tundu za kutilia grisi kwenye mhimili huo. Piga kwa bomba grisi ya baharini hadi ile ya zamani, nyeusi na yenye mchanga, itoke yote na mpya ianze kuonekana. Kwa maji ya chumvi ya kila siku, usikae zaidi ya mwezi. Wenye mashua za stelingi ya waya, kwenu mambo haya ni yaleyale, ila mtenganishe kwanza waya na mashine mjue kipi kati ya hivyo viwili ndicho kizito.

Haya, sasa tundu lako.

Hapo palikuwa na kipezi. Ni kipande kidogo cha chuma chenye umbo la pezi la samaki, urefu wake hauzidi kiganja, kinaning'inia chini ya bamba nyuma ya propela, kimeshikwa na boliti moja. Kazi yake ni hiyohiyo unayoilalamikia. Maji yanayotupwa na propela yanakipiga, na kikiwa kimegeuzwa kidogo yanausukuma mguu upande mmoja kwa nguvu ndogo isiyochoka. Nguvu hiyo ndiyo inayofanya kazi ambayo sasa inafanywa na mkono wako. Aliyekuuzia mashine pengine kiliisha mikononi mwake, au kilidondoka, au alikitoa akafunga yale mabawa ya plastiki ya kuinua tezi, kisha akayatoa na mabawa.

Nimekuzungusha kote huko kabla ya kukwambia ukanunue kwa sababu moja. Kipezi hufunika. Ukikifunga leo, mkono utakuwa mwepesi, na dumu litabaki upande mmoja, fimbo itabaki tundu la kwanza, utakuwa unachoma petroli bure na mashua inalima kwa omo. Kipezi kinatakiwa kimalizie kilichobaki baada ya mengine kukaa sawa.

Unaponunua, nenda na namba ya mashine, si kwa kukisia kwa macho. Vipezi vya mashine za 25 za kampuni mbalimbali havifanani hata kama tundu linafanana. Tundu lenyewe lisafishe kwanza: mafuta ya kutu, kisha boliti ya saizi ileile uingize taratibu kwa vidole, urudishe, uingize tena, mpaka hesi, yaani yale meno ya ndani ya tundu, zitoe uchafu wote. Ukilazimisha kwa spana hesi za alumini zitaliwa. Kwenye baadhi ya mashine boliti inakazwa kutokea chini, kwenye nyingine inafikiwa kwa juu, kupitia tundu lenye kifuniko kidogo cha plastiki nyuma ya mguu. Tazama yako ni ipi kabla hujaanza kutukana.

Kukipanga ndipo watu wanapogeuza kinyume, kwa sababu ya zile kulia mbili. Shika hili moja: mkia wa kipezi, yaani ncha yake ya nyuma, uelekee kule omo inakokimbilia. Omo yako inakwenda kulia, basi mkia uende kulia. Maji yatakipiga kipezi upande wa kulia na kuusukuma mguu kushoto, na mkono utarudi kwako. Inaonekana kama kosa, najua. Kila mtu akili inamwambia akigeuze kushoto ili "kuirudisha" mashua. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikigeuza kushoto, tena kwa kujiamini, nikatoka Sahare nikaongeza moto, nusura mkono wa mashine uning'oe bega.

Anza na kipezi kikiwa kimenyooka sawasawa na mguu. Chora alama kwa msumari au kalamu ya rangi, moja kwenye bamba na moja kwenye kipezi, zikutane. Jaribu baharini hivyohivyo. Huenda kunyooka tu kukatosha. Kama bado, zima mashine, inua, toa kamba ya kuzimia ili hata mtoto akichezea isiwake, legeza boliti, sogeza mkia kulia kwa upana wa alama moja, kama jino moja pale penye meno, kaza sawasawa, ujaribu tena. Kidogo kidogo. Kipezi kilichogeuzwa sana kinakata maji kama breki, na kinaivuta mashua upande wa pili.

Na kuna kitu hakitabadilika hata ukipange vipi: kipezi kinafaa kwa mwendo mmoja na mzigo mmoja. Maji yakikipiga polepole nguvu yake ni ndogo, yakikipiga kwa kasi ni kubwa, na mashua tupu inakaa kwenye maji tofauti na mashua yenye samaki. Kwa hiyo chagua. Kwa biashara yako ningekipanga mashua ikiwa na shehena, barafu imo, kwa mwendo ule unaotoka nao Kigombe kuja mjini, kwa sababu hapo ndipo unapokaa muda mrefu na ndipo unapokuwa na haraka. Ukirudi tupu jioni utasikia mkono unakuja kidogo kifuani. Hiyo ni kawaida, iache.

La mwisho ni la rangi. Kipezi cha mashine nyingi kimetengenezwa kwa zinki au madini ya jamii yake, makusudi ili chumvi ikile chenyewe iache kuula mguu wa mashine. Kwa hiyo usikipake rangi, na mahali kinapokutana na bamba pawe chuma kwa chuma, safi, bila rangi wala grisi katikati. Kikiliwa nusu, badilisha. Na kwa kuwa hatujui mashine yako imekaa muda gani bila hicho, osha mguu kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, uupapase kwa vidole kuzunguka kasha la gia na sehemu propela inapokaa. Ukikuta rangi imevimba malengelenge na chini yake unga mweupe, ukwangue ufike kwenye alumini safi, upake rangi ya msingi ya alumini kisha rangi ya juu. Usipake ile rangi ya kuzuia uchafu yenye shaba inayopakwa chini ya meli, hata ukipewa bure. Vishimo vikiwa vimeingia ndani kiasi cha ukucha kuzama, usiipeleke tena Deep Sea kabla ya kufungua skrubu ya chini na kuona oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia.